Voi, Alikoanguka Mwana wa Kabaila

Voi ni mji wa njia panda. Hapa ndipo barabara ya kwenda Mwatate na Taveta inapoachana na ile kuu ya Mombasa na Nairobi. Reli ya zamani ilifika hapa mwaka 1897, na kuanzia 2017 treni za SGR nazo zinasimama kwenye stesheni yao mpya nje ya mji. Nilishuka hapo asubuhi kutoka Mombasa, nikapanda bodaboda kuingia mjini huku vumbi jekundu likitutangulia, na Mlima Sagalla ukiwa umejifunika wingu upande wa kusini.

Kilichonileta ni asubuhi moja ya tarehe 14 Mei 1931. Siku hiyo ndege ndogo ya mabawa mawili, aina ya Gipsy Moth, iliinuka kutoka Voi ikielekea Nairobi. Ilizunguka uwanja mara mbili, kisha ikaporomoka na kuwaka moto. Ndani walikuwamo watu wawili, na wote walikufa. Rubani alikuwa Denys Finch Hatton, mwana wa Earl wa 13 wa Winchilsea, mmoja wa makabaila wa Uingereza. Aliyekaa kiti cha pili alikuwa mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau.

Habari za Denys nilikuwa nimezisoma kwa miaka mingi, kama wengi waliosoma kitabu cha Karen Blixen, Out of Africa, cha mwaka 1937, au waliotazama filamu ya 1985 ambamo Robert Redford aliigiza kama Denys. Habari za Kamau sikuwa nimezisoma popote zaidi ya jina hilo moja. Ndiyo sababu nilitaka kusimama Voi kwanza, kabla ya kwenda kokote kwingine.

Nilitembea pembezoni mwa mji, ambako nyumba zinakwisha na vichaka vya miiba vinaanza, mibuyu imesimama mbalimbali, na mbele zaidi ni mbuga ya Tsavo Mashariki. Sikuona jiwe wala bango la kumbukumbu. Katika mkahawa mmoja karibu na stesheni ya zamani nilimkuta mzee aliyestaafu kazi ya reli, mbele yake chai ya maziwa na mahamri. Nilimwamkia, akaniitikia, nikamweleza nilichokuja kutafuta.

"Yule mzungu wa sinema?" akauliza.

"Ndiye, mzee."

"Na huyo mwenziwe alizikwa wapi?"

Nilinyamaza. Wa Denys ningeweza kumwambia: alipelekwa Ngong akazikwa juu ya vilima, mahali ambapo yeye na Karen Blixen walikuwa wamepachagua, na baadaye kaka yake akajenga mnara wa mawe wenye bamba la shaba. Bamba hilo lina jina la Denys na mstari wa mshairi Coleridge. Kamau hatajwi.

Denys alikuwa amekuja Voi kujaribu wazo jipya. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza matajiri wawindaji, na aliona kwamba mtu aliye angani angeweza kuyaona makundi ya tembo wenye pembe kubwa katika saa moja, kazi ambayo ingewachukua watu wa ardhini siku kadhaa. Alimwalika Beryl Markham, rubani kijana aliyekulia Kenya, afuatane naye. Mwalimu wa Beryl wa urubani, Tom Campbell Black, alimsihi asiende siku ile, naye akasikia. Miaka mitano baadaye, 1936, Beryl aliruka peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada kuvuka Atlantiki. Hata ile kazi ya kutafuta tembo kwa ndege ni yeye aliyeiendeleza, katika nyika hii hii ya Voi.

Lakini huwezi kumwelewa mtu wa namna hii bila kuujua ukoo wake. Tena ukoo huu una jambo linalotuhusu sisi kuliko sinema yoyote.

Cheo cha Winchilsea hakikuanza kwa mwanamume. Kilianza kwa mjane, Elizabeth Finch, binti wa Sir Thomas Heneage aliyekuwa mtu wa karibu wa Malkia Elizabeth I. Mwaka 1628 Mfalme Charles I alimfanya mama huyo kuwa kabaila kwa haki yake mwenyewe, na wanawe na wajukuu wakarithi kutoka kwake. Mmoja wa wajukuu hao, Heneage Finch, alipanda hadi kuwa Lodi Chansela, mkuu wa mahakama ya usawa ya Uingereza. Wanasheria wanamtaja kama baba wa kanuni za usawa, zile zinazomwezesha hakimu kulainisha ukali wa sheria pale inapomdhulumu mtu. Anatajwa pia miongoni mwa watunzi wa sheria ya mwaka 1677 iliyoamuru kwamba mapatano ya kuuziana ardhi yasitambuliwe mahakamani mpaka yawe yameandikwa na kutiwa sahihi.

Nilipolikumbuka jambo hilo nikiwa Voi nilisimama kidogo. Kanuni hiyo imo katika Sheria ya Mikataba ya Kenya hadi leo. Katika kaunti hii ardhi ndiyo kidonda kikubwa. Taita Taveta ina ukubwa wa kilomita za mraba 17,084, na asilimia 62 hivi ni mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi zilizotengwa mwaka 1948. Kinachobaki kinagawanywa kati ya mashamba makubwa ya mkonge, maranchi na wananchi wenyewe. Watu ambao mababu zao walipeana mashamba kwa neno la mdomo mbele ya wazee walijikuta mbele ya mahakama inayodai karatasi. Basi mkono wa ukoo wa Finch ulikuwa umeigusa ardhi ya Wataita kabla ndege ya Denys haijaanguka juu yake, na umeendelea kuigusa tangu hapo.

Mtoto wa Lodi Chansela huyo, Daniel Finch, alikuwa waziri wa wafalme. Mwaka 1689 aliiuza nyumba yake ya Kensington kwa Mfalme William III, nayo ndiyo ikapanuliwa kuwa Kasri la Kensington linalojulikana leo. Mke wa kabaila mwingine wa ukoo huo, Anne Finch, aliyefariki 1720, alikuwa mmoja wa washairi wanawake wa kwanza kuheshimiwa Uingereza, na kwangu mimi ndiye bora kuliko wote katika nasaba hiyo, kwa sababu alichokiacha alikifanya kwa kalamu yake, hakukirithi. Earl wa tisa alipenda kriketi, na alikuwa miongoni mwa walioasisi klabu ya MCC mwaka 1787. Wa kumi alimshutumu Waziri Mkuu, Duke wa Wellington, kwa kuwapa Wakatoliki haki zao, na asubuhi ya tarehe 21 Machi 1829 wakakutana London wakiwa na bastola mkononi. Wellington alipiga pembeni, Winchilsea akapiga hewani, kisha akaomba radhi kwa maandishi. Wa kumi na moja alicheza kamari mpaka akafilisika.

Jina la Hatton lenyewe liliingia kwa ndoa na urithi wa mali ya ukoo wa Christopher Hatton, kipenzi mwingine wa Malkia Elizabeth I. Kufikia Denys kuzaliwa, mwaka 1887, ukoo ulikuwa na jina refu na mfuko mfupi. Baba yake, Henry, alikuwa amekwenda Queensland, Australia, kujaribu bahati katika dhahabu na ng'ombe kabla ya kurithi cheo. Nyumba ya Haverholme huko Lincolnshire, ambako Denys alikulia, iliuzwa na kubomolewa katika miaka ya 1920.

Tena Denys alikuwa mtoto wa kiume wa pili. Kwa desturi yao mkubwa huchukua cheo, nyumba na ardhi yote, ndiyo maana Earl wa 14 alikuwa kaka yake, Guy. Mdogo hupewa elimu nzuri na adabu za kikabaila, halafu ajitafutie. Denys alisoma Eton, kisha Oxford, akaja Kenya akiwa kijana wa miaka 20 na ushee. Hakuwa peke yake. Berkeley Cole na ndugu yake Galbraith walikuwa wana wa Earl wa Enniskillen, na dada yao aliolewa na Lord Delamere. Tukisoma historia ya walowezi wetu kwa makini tutaona ni kwa kiasi gani ilikuwa historia ya watoto waliokosa urithi kwao, wakaja kupewa ardhi ya watu wengine. Hilo halihitaji chuki kulisema.

Mazuri yake nayo yasemwe. Denys alipowaona wageni wakiwafyatulia risasi simba wa Serengeti wakiwa wamekaa ndani ya magari, aliandika katika gazeti la The Times la London akiwalaani. Mwaka 1928 alimwongoza Mwanamfalme wa Wales katika safari yake ya uwindaji, na walipotoka tena 1930 picha zilianza kuchukua nafasi ya bunduki. Watu waliomfahamu wanasimulia mtu msomi, mwenye sauti ya upole, asiyependa kufungwa na chochote. Hayo nayaamini. Ninachouliza ni kwa nini kumbukumbu imepewa mmoja wakati waliokufa ni wawili.

Kesho yake nilichukua matatu ya Taveta. Barabara ni ya lami sasa, na kutoka Mwatate hadi Bura gari linakwenda katikati ya vilima vya kijani upande mmoja na nyika upande wa pili. Ukipita Bura nchi inafunguka. Maktau, Mbuyuni, Salaita: kwa abiria ni vituo vya kupitia tu, lakini mwaka 1915 na 1916 majina haya yalisomwa London na Berlin. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta mwezi Agosti 1914. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuwafuata, na tarehe 12 Februari 1916 walijaribu kukiteka kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata walipita, kwa mapigano makali ya Latema na Reata. Denys alipigana katika vita hivi vya Afrika Mashariki, kwanza katika kikosi cha askari wa Kisomali alichokianzisha Berkeley Cole, baadaye akiwa msaidizi wa Jenerali Hoskins, na akapata nishani.

Wabebaji wa mizigo hawakupata nishani. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na malaria, na majina ya walio wengi hayakuandikwa popote. Katika safari yote hiyo nilikuwa nimeketi dirishani, nikiutafuta mlima wa Kasigau kule kusini-mashariki. Watu wa mlima huo walishutumiwa mwaka 1915 kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakahamishwa wote hadi Malindi. Hali ya hewa ya pwani iliwaua wengi, kwa sababu hawakuwa wameizoea malaria. Waliobaki walirudishwa katika miaka ya 1930, na watoto waliozaliwa ugenini wakawa wanauona mlima wa baba zao kwa mara ya kwanza. Taveta nilikula, nikazunguka sokoni katikati ya mikungu ya ndizi, nikarudi Mwatate kabla ya jioni. Haja yangu ilikuwa juu, kwenye vilima vya Dawida.

Njia ya kupanda Wundanyi inajipinda kila baada ya hatua chache, na joto la Voi linaachwa chini upesi. Ukifika juu unavaa sweta. Mashamba ya mboga yamepangwa kwa matuta, maji yanatiririka kando ya njia, na juu ya kila kitu iko Vuria, kilele cha mita 2,208. Mwenyeji wangu, rafiki niliyesoma naye, alinikaribisha kwa kimanga kilichopondwa pamoja na maharagwe, na baada ya chakula akamwita jirani yake, mzee aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, aongee nami kuhusu koo.

Mimi nilitaka kujua Wataita walizikumbukaje nasaba zao. Mzee alinieleza kwa utaratibu wa mwalimu. Zamani mtu mzima alipofariki alizikwa kwanza. Baada ya muda wa mwaka au zaidi, jamaa walifukua, wakalichukua fuvu, wakalipeleka kwenye pango la ukoo na kulipanga pamoja na ya waliomtangulia. Kila ukoo ulikuwa na mahali pake. Ukame ukizidi, au ugonjwa ukiingia nyumbani, wazee walikwenda pale kuzungumza na wenyewe na kutoa sadaka. Wamisionari walipofika, wa Kanisa la Kianglikana kule Sagalla mwaka 1883 na Wakatoliki kule Bura mwaka 1892, desturi hiyo ilianza kukomeshwa. Misitu mitakatifu, ile wanayoiita fighi, imehifadhiwa vizuri zaidi, na kipande cha msitu mnene alichonionyesha kwenye mteremko kilikuwa kimojawapo.

"Wazungu wana picha ukutani," alisema mwalimu. "Sisi tulikuwa na wenyewe."

Nilimwuliza kama ningeweza kupelekwa pangoni. Alisema lipo la ukoo wake, lakini mtu haendi kule kutazama tu. Niliona ni jibu la haki, na sikurudia ombi.

Kisha nikamweleza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma, na ambalo alilijua kwa kusikia tu. Katika enzi ya ukoloni mafuvu mengi ya Wataita yaliondolewa mapangoni na kupelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1931, mwaka ule ule ndege ilipoanguka Voi, utafiti wa vipimo vya mafuvu hayo ulichapishwa katika jarida la sayansi la Uingereza. Baadaye William Howells wa Chuo Kikuu cha Harvard alipima 83 kati yake, ya wanawake 50 na wanaume 33, akayatia katika kazi yake kuhusu tofauti za mafuvu ya binadamu duniani, iliyotoka 1973. Tangu hapo, wasomi wa Japani, Marekani na Ulaya wanaolinganisha mifupa ya binadamu wamekuwa wakizitumia tarakimu za watu hawa chini ya neno moja, "Teita". Kila fuvu lina vipimo kwa milimita. Halina jina.

Mwalimu alikaa kimya, kisha akauliza, "Themanini na tatu?" Nikamwambia ndiyo, hao ni wale tu waliopimwa na msomi mmoja. Akasema, "Hao ni nyumba za watu." Alipokuwa akizungumza nilimwona anahesabu kwa vidole, si idadi, bali milango: mlango wa fulani, na wa fulani, na wa fulani, mpaka akafika kwa babu wa babu yake.

Hapo ndipo nilipouona msiba huu ulivyo. Ukoo wa Winchilsea una orodha isiyokatika tangu mjane Elizabeth wa 1628, pamoja na aliyefilisika na aliyepigana kwa bastola, kwa sababu kila kizazi kilikuwa na makarani, wachoraji, makanisa na mahakama za kuilinda. Wataita nao walikuwa na orodha yao, iliyopangwa kwa mkono juu ya jiwe, na kila ukoo uliweza kuisoma. Wao hawakuisahau. Iliondolewa ikabebwa. Anayesema Mwafrika hakuwa na historia ya maandishi kwa hiyo nasaba zake zimepotea, aanze kwa kueleza nani alizichukua na zimewekwa kabati gani.

Siku ya kuteremka nilipita tena Voi kungoja treni. Katika mbuga ya Tsavo Magharibi kuna kambi ya kifahari yenye jina la Finch Hatton, na watalii hulala humo wakikumbuka miaka ya 1920. Sina ugomvi na jina hilo. Mtu alikufa hapa Voi, na familia yake ilikuwa na haki ya kumkumbuka. Bali yako mambo mawili yanayoweza kufanywa bila gharama kubwa. Kwanza, Kaunti ya Taita Taveta na Makumbusho ya Taifa waweke jiwe Voi, lenye tarehe 14 Mei 1931 na majina ya wote wawili, Kamau na Denys, kwa herufi za ukubwa mmoja. Pili, Serikali ya Kenya idai rasmi mafuvu ya Wataita yaliyopelekwa Cambridge, na iwaite wazee wa koo waseme yarudi wapi, kwa sababu wao ndio wanaoyajua mapango. Wewe msomaji uliye Dawida, Sagalla au Kasigau, ambaye bado una mzee nyumbani anayeweza kuitaja milango ya ukoo wako, kaa naye uandike jina kwa jina, na nakala upeleke maktaba ya kaunti. Siku mafuvu yatakapofika, mtu wa kwanza kuulizwa ni nani wa nani atakuwa wewe.